Siasa na Ujirani: Funzo la Unguja na Pemba

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, kama katika mwambao wote wa Afrika ya Mashariki, harusi huwa na mwaliko lakini msiba hauna. Mtu akifa, habari hupelekwa upesi, na kila jirani aisikiaye huacha jembe lake au duka lake akaenda. Wengine huchimba kaburi, wengine huteka maji ya kuoshea maiti, na wanawake hukusanyika nyumbani kwa wafiwa. Hiyo ndiyo desturi, nayo ni ya zamani kuliko chama chochote cha siasa.

Basi msomaji akiambiwa ya kwamba vilikuwako vijiji katika visiwa hivyo ambamo mtu alikufa, na majirani wa nyumba ya pili wakakaa kitako barazani mwao kwa sababu tu marehemu alikuwa wa chama kingine, hapana shaka atastaajabu. Watu wa dini moja, wenye lugha moja, na mara nyingi wenye kuoleana, walifikaje hapo? Swali hilo lafaa kuulizwa na kila mtu anayepiga kura, hata akiwa mbali na visiwa, kwa maana njia waliyoipita watu wa Unguja ni njia iliyo wazi kwa nchi yoyote.

Wazee wa Unguja huziita siku zile zama za siasa. Zilianza hasa mwezi wa Julai mwaka wa 1957, watu wa visiwani walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe sita wa Baraza la Kutunga Sheria. Vyama viwili vilishindana. Kimoja ni Hizbu, yaani ZNP, kilichoanza mwaka wa 1955. Cha pili ni Afro-Shirazi, kilichoundwa mwezi wa Februari mwaka ule ule wa 1957. Hizbu hawakupata hata kiti kimoja. Katika Ng'ambo ya mji, Sheikh Abeid Amani Karume alimshinda Sheikh Ali Muhsin, kiongozi mwenye elimu na jina kubwa. Kura zikahesabiwa, matokeo yakatangazwa, na ingedhaniwa ya kwamba mambo yamekwisha. Kumbe ndipo yalipoanza.

Katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja palikuwa na mapatano ya zamani yasiyoandikwa popote. Mkulima asiye na ardhi aliruhusiwa na mwenye shamba kujenga kibanda na kupanda muhogo na mazao mengine ya chakula katikati ya mikarafuu. Naye kwa upande wake aliipalilia mikarafuu na kumpa mwenye shamba heshima yake. Mapatano hayo hayakuwa ya watu walio sawa, lakini kila mmoja alijua haki yake na wajibu wake. Baada ya kura za 1957 mwenye shamba alimtazama mkulima wake akajiuliza: Huyu anakula katika ardhi yangu, mbona amewapa kura adui zangu? Naye mkulima alisema moyoni: Nchi imekuwa yetu, ya nini tena kumpalilia mtu mikarafuu yake? Wakulima wengine waliacha kupalilia. Wenye mashamba wengine wakawafukuza wakulima, na watu waliokaa mahali pamoja miaka mingi wakaamriwa kung'oa muhogo wao na kuondoka.

Waliofukuzwa na wenzao hawakuwa na mahakama ya kukimbilia wala mali ya kujitetea. Walikuwa na kitu kimoja tu, yaani senti zao chache za kununulia mchele, sukari na mafuta ya taa. Wakaacha kununua katika maduka ya Waarabu, wakafungua maduka yao ya ushirika. Lakini wenye maduka ya vijijini wengi wao walikuwa Wamanga, watu waliotoka Arabuni mikono mitupu, wasio na shamba wala mkarafuu mmoja. Hao hawakumfukuza mtu. Basi adhabu iliyokusudiwa mwenye shamba ilimwangukia mchuuzi maskini, kwa sababu tu jina la kabila lake lilikuwa moja na la mwenye shamba.

Tangu hapo mambo yalishuka ngazi moja baada ya nyingine. Watu walichagua gari la abiria la kupanda kwa kuangalia chama cha mwenye gari. Walitengana misikitini. Mwishowe walitengana hata makaburini, jambo ambalo babu zao wasingalilidhania.

Yafaa kutazama kila upande ulisema nini juu ya mwenzake, maana hapo pana funzo kubwa. Watu wa Hizbu walisema ya kwamba Afro-Shirazi ndio wasiovumilia, kwani wanawachukia watu kwa kabila lao, na wanawatisha Waafrika wenzao walio katika Hizbu. Watu wa Afro-Shirazi walisema ya kwamba Hizbu ndio wasiovumilia, kwani wanawafukuza maskini mashambani kwa ajili ya kura, na kuwaita wenyeji wageni kwa kuwa wazee wao walitoka bara. Magazeti nayo yalishika kazi hiyo. Mwongozi lililoelekea upande wa Hizbu liliusifu ustaarabu wa visiwani na kuwashutumu watu wa bara, na Afrika Kwetu la upande wa pili liliwakumbusha wasomaji habari za utumwa. Kila juma msomaji wa kila upande alipata makosa mapya ya jirani yake, naye hakupata hata moja la kwake mwenyewe.

Sasa, ni nani aliyesema kweli? Jibu ni kwamba pande zote mbili zilisema kweli, na hiyo ndiyo sababu ugomvi ulikuwa mgumu kuzimika. Kama upande mmoja ungalisema uongo mtupu, watu wenye akili wangaliuacha. Lakini wakulima walifukuzwa kweli, na Wamanga walionewa kweli. Kila mtu alikuwa na kisa cha kweli cha kusimulia barazani, na kila kisa kilihalalisha kisa cha pili. Mtu hujiona mvumilivu siku zote akijipima kwa makosa ya jirani.

Palikuwa na jaribio la kuwapatanisha. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1958, umoja wa vyama vya kupigania uhuru vya Afrika ya Mashariki na ya Kati, ulioitwa PAFMECA, uliundwa Mwanza, nao uliwasihi viongozi wa Unguja waketi katika kamati moja. Waliketi, na kwa muda maneno makali yalipungua. Lakini mapatano yale yalikuwa ya viongozi mezani, wala hayakumrudisha mkulima shambani wala mnunuzi dukani. Hayakudumu.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1961 kura zikapigwa tena, safari hii kwa viti 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, na chama cha tatu kilichoitwa ZPPP kikapata 3. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa tofauti ya kura moja tu. Wajumbe watatu wa ZPPP nao waligawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11, na hakuna aliyeweza kuunda Serikali. Ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni.

Msomaji na afikiri jinsi watu walivyokuwa wakati huo. Nchi nzima ilikuwa imeona ya kwamba kura moja yaweza kugeuza kiti, na kiti kimoja chaweza kugeuza Serikali. Na kila mtu aliamini ya kwamba chama chake kikishindwa, atapoteza shamba, au duka, au kazi. Tarehe 1 Juni 1961, siku ya kupiga kura, vijana wa Afro-Shirazi walisema mjini ya kwamba watu wa Hizbu wanapiga kura mara mbili. Hizbu wakasema ya kwamba watu wao wanazuiwa wasipige kura. Ngumi zilianza penye vituo, kisha marungu na mapanga, na machafuko yakaenea mashambani Unguja. Yalipotulizwa watu 68 walikuwa wamekufa, wengi wao sana wakiwa Waarabu, na wengine mamia wamejeruhiwa. Wengi waliouawa hawakuwa viongozi wa siasa. Walikuwa watu wa mashambani, na wenye maduka wale wale waliokuwa wamesusiwa.

Pemba, ambako watu walikuwa wameoleana zaidi na wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, hakukutokea mauaji siku zile, ingawa huko nako vyama vilishindana kwa nguvu. Jambo hilo lafaa kukumbukwa. Pale ambapo mtu hakutegemea huruma ya mwenzake kwa kibanda chake na muhogo wake, kura haikuwa sababu ya kumwaga damu.

Mwezi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, yaani kiasi cha 54 katika kila 100, lakini walipata viti 13 tu katika viti 31. Hizbu na ZPPP waliungana wakaunda Serikali, na nusu ya nchi ikabaki nje. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964, kabla hata ya siku arobaini kupita, Serikali ile ilipinduliwa. Maelfu ya watu waliuawa, na wengine wengi wakakimbia visiwa wasirudi tena. Afro-Shirazi ndicho chama pekee kilichosalia, na kwa miaka karibu 30 hapakuwa na upinzani wa halali.

Ingedhaniwa ya kwamba miaka hiyo ingeliponya donda. Vyama vingi viliporudi mwaka wa 1992 ilionekana ya kwamba donda lilikuwa limefunikwa tu. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akapewa asilimia 49.8. CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba. Pemba iliyokuwa tulivu mwaka wa 1961 sasa ikawa ndiko kwenye uhasama. Watumishi wa Serikali waliodhaniwa kuwa wa CUF waliachishwa kazi au kuhamishwa. Wenye maduka wa CUF nao walikataa kuwauzia watu wa CCM. Misiba ikagawanyika tena, kama vile hakuna mtu aliyekumbuka mambo ya zamani. Mwezi wa Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji, wakafa watu zaidi ya 30, na kiasi cha watu 2,000 walipanda vyombo wakavuka bahari hadi Shimoni, katika pwani ya Kenya. Wavuvi na wakulima wa Kwale waliona kwa macho yao siasa ya jirani ikishuka ufukoni pamoja na wanawake na watoto.

Wala watu wa Kenya hawana haki ya kuwanyoshea kidole watu wa Unguja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya, na wengi waliochomewa nyumba walichomewa na watu waliowajua kwa majina. Hapo pia kila upande ulikuwa na visa vyake vya kweli.

Yako mambo mema ya kusimulia. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakazungumza, wakakubaliana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambayo ndani yake chama cha pili kitapata nafasi, na watu 66 katika kila 100 waliopiga kura wakasema ndiyo. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulikuwa wa karibu sana kama ule wa 1995, kwa maana Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1. Lakini safari hii visiwa vilikaa kimya, na watu walirudi kutembeleana. Tofauti ya kura ilikuwa ndogo vile vile, na watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kwamba aliyeshindwa alijua ya kuwa hatakufa njaa.

Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alifuta uchaguzi wote kabla hesabu haijakwisha, na CUF ikakataa kushiriki uliporudiwa mwezi wa Machi 2016. Mwezi wa Agosti mwaka huo alifariki Mzee Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar zamani. Katika msiba huo Dk. Shein alinyosha mkono kumsalimu Maalim Seif, naye Maalim Seif hakuupokea. Visiwa vyote vilizungumza habari hiyo. Wengine walisema: Tazameni, hao ndio wasiovumilia, hata msibani! Wengine wakajibu: Mkono uliotunyang'anya haki yetu, tuupokee kwa lipi? Maneno yakarudi pale pale yalipokuwa mwaka wa 1957.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, ambao nao ulileta malalamiko mazito, Maalim Seif alikubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dk. Hussein Mwinyi. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba, na aliombolezwa na watu wa chama chake na wa chama alichopigana nacho karibu miaka 30.

Huenda mtu akauliza: Je, kuvumiliana ni kunyamaza tu? Mtu akiibiwa kura au akifukuzwa shambani, acheke? La, sivyo. Ulalamishi juu ya dhuluma ni haki, tena ni wajibu. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kumshitaki aliyetenda kosa na kumwadhibu jirani anayefanana naye. Mmanga wa dukani hakumfukuza mkulima, wala mpemba aliyekwenda kununua kiberiti na kadi ya CCM mfukoni hakuifuta kazi ya mtu. Aliye na malalamiko na ayapeleke kwa mwenye kosa, kwa jina lake na kwa ushahidi.

Tena lazima isemwe wazi ya kwamba mizigo ya pande mbili si sawa. Anayeweza kumnyima mwenzake ardhi, kazi au uhai ana wajibu mkubwa zaidi kuliko yule awezaye kumnyima salamu tu. Ni upuzi mwenye nguvu kumfukuza mtu kazini asubuhi, kisha jioni akalalamika ya kwamba mtu huyo hakumwamkia. Atakaye salamu ya jirani yake aanze kwa kumwachia riziki yake. Naye asiye na nguvu akumbuke ya kwamba salamu aliyoikata leo, kesho itahitajika mlangoni mwake.

Mambo haya hayawahusu viongozi peke yao. Karani aketiye nyuma ya meza ya Serikali huletewa kila siku barua za kuomba hati ya kuzaliwa, leseni, au nafasi ya mtoto shuleni. Akiiweka barua moja chini ya nyingine kwa sababu analijua jina na chama cha mwenye barua, ameanza kazi ile ile iliyofanywa na wenye mashamba wa Unguja, ingawa hakuna mtu atakayemwona. Mkulima naye ana mahali pake. Anajua nani anampa zamu ya maji, nani anamwazima jembe la ng'ombe, na nani anampelekea maziwa yake kwenye kiwanda. Akibadili lolote katika hayo kwa ajili ya kura, na ajue ya kwamba mwenzake ameona, na kwamba hatasahau.

Na msomaji wa gazeti, akiona juma baada ya juma ya kwamba kila habari aisomayo inawaonyesha wa upande wa pili kuwa waovu na wa upande wake kuwa wema, ajue ya kwamba ananyimwa nusu ya habari. Na alitafute gazeti la upande wa pili alisome mpaka mwisho, walau mara moja kwa mwezi. Si lazima akubali yaliyomo. Yatosha ajue jirani yake anaogopa nini.

Katika zama za siasa wazee wengi wa Unguja walijua ya kwamba mambo yanakwenda vibaya, lakini kila mmoja alingoja upande wa pili uanze kutengeneza. Maalim Seif na Rais Karume walipokutana mwaka wa 2009 ilikuwa imepita miaka 52 tangu kura za kwanza. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa kura walikuwa wamekwisha kuwa babu na nyanya, na wengine wao walikuwa wamezikwa bila ya majirani. Kijijini hakuna haja ya kungoja Ikulu. Msiba utakapotangazwa karibu na nyumba ya mtu wa chama kingine, atakayechukua jembe lake na kwenda kuchimba kaburi hatapoteza kura hata moja.